Kidole cha kipa: kipande cha mfupa wa kifundo cha mkono kilivyookoa jointi

Niseme mapema kabisa, huyu kipa nimemtunga. Ni mchanganyiko wa watu wengi wanaoingia kliniki ya mkono na kidole kile kile na stori ile ile, kwa hiyo usianze kumtafuta mtaani kwenu. Ila namna kinavyovunjika, picha inavyosomeka na operesheni inavyokwenda, hayo ndivyo yalivyo.

Basi kijana wa miaka 27, Dar, kipa wa timu ya mtaa, zile za ndondo, na mchana yuko gereji anafungua maboliti. Mkono wa kulia ndio wa kazi. Shuti likapigwa karibu, yeye vidole mbele, mpira ukamgonga kwenye ncha ya kidole cha pete na kidole kikarudi nyuma. Anasema alikiangalia akaona pingili ya kati imepanda juu ya ile ya chini yake, iliyo karibu na kiganja. Kocha akakishika, akakivuta, kikalia, kikarudi, wakapuliza ile dawa ya baridi wakakifunga pamoja na kidole cha kati, akamalizia mechi. Walishinda, hilo hakusahau kulitaja.

Kocha simlaumu sana. Kidole kilichochomoka hata hospitali kinavutwa. Shida ni kwamba kikirudi kila mtu anaamini kazi imeisha, mwenyewe akiwemo, kumbe kuchomoka ni nusu ya habari na nusu nyingine imebaki ndani ya jointi imesagika.

Wiki ya pili uvimbe haujashuka, akaenda zahanati, akapigwa eksirei ya mkono mzima umelazwa bapa. Picha ya mbele tu. Jeraha hili kwenye picha ya mbele linajificha vizuri sana, maana kipande kilichovunjika kiko upande wa kiganja na kinafunikwa na mfupa wenyewe, unaona pingili zimepangana, unaona weupe umejaa pale kwenye jointi, kama hujawahi kuumizwa na picha ya namna hiyo utaandika hakuna mvunjiko. Ndivyo ilivyoandikwa. Akapewa diklofenaki, akaambiwa kimeteguka tu kitapoa.

Amekuja wiki ya sita. Jointi ya kati imevimba pande zote, haikunji zaidi ya digrii 35, hainyooki yote, na akishika spana maumivu yanapanda mpaka kiganjani. Mama yake kaja naye, na ndiye mwenye maswali zaidi.

Kitu cha kwanza ni kurudia eksirei, ya kidole hicho peke yake, kutoka ubavuni kabisa, vidole vingine vimekunjwa visiingie kwenye picha. Ubavuni maana yake vile vichwa viwili vya pingili ya chini vipandane vionekane kimoja, picha ikiwa imepinda kidogo inadanganya. Na hapo ndipo kila kitu kikaonekana: pingili ya kati imeteleza kwenda juu, upande wa mgongo wa kidole, na nafasi ya jointi ambayo inatakiwa iwe sawa kutoka mwanzo mpaka mwisho imefunguka juu ikabana chini, herufi V kabisa. Upande wa kiganja, zaidi ya nusu ya uso wa jointi haupo. Upo, ila umekuwa vipande vipande vimesukumwa ndani ya mfupa na vimeanza kushikana huko huko vibaya.

Sasa hapa inabidi tukae kidogo kwenye umbo, maana ukilielewa umbo operesheni yote inajieleza. Pingili ya chini inaishia na vichwa viwili vidogo vilivyo sambamba, katikati kuna mfereji. Pingili ya kati inaanza na vibonde viwili vya kuvipokea vile vichwa, katikati kuna ukingo unaoingia kwenye ule mfereji. Ukiitazama kutoka ubavuni ni kama kisahani, kina mdomo juu na kina mdomo chini upande wa kiganja. Huu mdomo wa chini ndio unaoizuia pingili ya kati isiteleze kwenda juu. Kano ya kunyoosha kidole imejishika upande wa juu wa pingili hiyo na inaivuta muda wote, kwa hiyo mdomo wa chini ukisagika hakuna tena kinachopingana na lile vuto, pingili inapanda. Na ikishapanda, ukikunja kidole haitelezi kuzunguka kile kichwa tena, inabinuka tu kwa ukingo mmoja. Ndio maana kijana anakaza mpaka jasho linamtoka na kidole kinaishia njiani.

Ukubwa wa kilichovunjika ndio unaoamua. Ikiwa chini ya theluthi hivi ya uso wa jointi, mara nyingi jointi inatulia, unaiwekea splinti, yaani kigango cha kushikilia kidole, mgongoni, inayozuia kidole kisinyooke chote na unamwachia mgonjwa akunje. Kati ya hapo na nusu ni eneo la mashaka, nyingine zinatulia nyingine hazitulii, unapima kwa picha huku unakunja na kunyoosha. Ikizidi nusu, usijipe moyo. Huyu wetu yuko juu ya nusu na wiki sita zimekatika.

Wiki sita zinauma kuliko hata asilimia. Angekuja wiki ya kwanza tungeweza kuongelea kupachika waya unaozuia kidole kisinyooke chote, au fremu ya nje ya waya na raba inayovuta kidole huku kinaendelea kusogea, vipande vinajipanga vyenyewe kwa kuvutwa. Au kuvifunga vipande kwa skrubu kama ni vikubwa. Sasa vipande vya huyu ni changarawe na vimeshaganda, ukifungua ukavitoa mkononi unabaki na vumbi.

Kuna njia ya zamani ambayo nayo inatumia nyama ya mgonjwa mwenyewe, Eaton na Malerich waliiandika mwaka 1980: unachukua lile bamba gumu la nyuzi lililo chini ya jointi upande wa kiganja, unalisogeza mbele unalishonea ndani ya lile shimo, likawa ndio uso mpya. Kazi nzuri, na imesaidia vidole vingi, ila ni kitu laini kinachukua nafasi ya mfupa, na shimo likiwa kubwa kupita nusu pingili inarudi kupanda baada ya muda. Kugandisha jointi moja kwa moja kwa pembe ya kukunja kidogo ni njia ya uhakika, maumivu yanaisha, na nakiri kwa fundi gereji mwingine ningeitaja mapema zaidi. Lakini kidole cha pete ndicho kinachokaza mpini pamoja na kile kidogo, ukikigandisha umemnyang'anya sehemu ya kushika. Jointi ya silikoni kwa kijana wa miaka 27 anayezungusha spana, hapana, itavunjika au italegea, hiyo waachie wazee wenye mikono ya kazi nyepesi.

Ikabaki kuazima mfupa wenye gegedu lake, ile tabaka telezi inayofunika uso wa mfupa kwenye jointi, kutoka mahali pengine mwilini mwake. Watu wameazima kwenye mbavu, pale gegedu linapokutana na mfupa, na wengine wamehamisha jointi nzima ya kidole cha mguu pamoja na mishipa yake ya damu, kazi ya saa nyingi chini ya hadubini. Kwa shimo la mdomo wa chini la kidole, kuna mahali karibu zaidi: mfupa wa hameti. Ni mmoja wa ile mifupa minane ya kifundo cha mkono, uko upande wa kidole kidogo, na uso wake wa mbele unapokea mifupa ya kiganja ya kidole cha pete na cha mwisho. Kwa hiyo una vibonde viwili na ukingo katikati. Soma tena. Vibonde viwili na ukingo katikati. Ni umbo lile lile tulilolipoteza kwenye pingili, liko sentimita chache tu kutoka pale, kwenye mkono ule ule. Aliyeiona hiyo na kuifanya operesheni ni Hill Hastings wa Marekani, ikaanza kutajwa mwaka 1999, na mwaka 2003 Williams na wenzake wakatoa matokeo ya wagonjwa 13.

Mama akauliza lile swali la maana kuliko yote, "Dokta, yaani unamtoboa mkono mahali pazima ili utibu kidole kimoja, huko unakotoa kutabaki na nini?" Swali halali. Kinachokatwa ni pembe ya juu ya hameti upande wa mgongo wa mkono, sehemu kubwa ya jointi inabaki inafanya kazi, na ripoti zinaonyesha malalamiko ya upande huo ni machache. Ila machache sio sifuri, kuna watakaosikia maumivu hapo kwa muda na kovu litaonekana. Akaambiwa hivyo hivyo. Akaambiwa pia kidole hakitarudi kama cha Mungu alivyokiumba, wale 13 wa 2003 walipata wastani wa kusogea digrii 85 kwenye jointi hiyo wakati ya kawaida inafika 100 na kitu, na kundi jingine lililofuatiliwa kwa muda mrefu zaidi lilipata kama 70. Kijana akasema yeye 70 anachukua, sasa hivi ana 25.

Operesheni ikapangwa kwa ganzi ya pale pale, akiwa macho, lidokaini iliyochanganywa na adrenalini, bila kufunga mkono kwa ule mpira wa kuzuia damu. Bado kuna wanaoshtuka wakisikia adrenalini kwenye kidole, maana ilifundishwa miaka mingi kwamba kidole kitakufa. Visa vilivyoleta ule woga vilikuwa vya enzi za prokaini, ganzi ya zamani, na Mkanada Donald Lalonde na wenzake wameshaonyesha kwa maelfu ya vidole kwamba lidokaini na adrenalini kwa kipimo sahihi ni salama, na dawa ya kuitengua ipo, fentolamini. Kwa hospitali zetu ambako mtu wa usingizi anagombaniwa na thieta tatu hii ni neema, ila kwa operesheni hii faida kubwa ni nyingine, nitaifikia.

Ngozi inafunguliwa upande wa kiganja kwa mkato wa zigizaga, sio mnyoofu, kovu nyoofu likipita kwenye mkunjo litakivuta kidole kikae kimepinda. Mishipa miwili ya fahamu inatafutwa kwanza na kulindwa. Ala ya kano, mfuko unaozunguka kano za kukunja, inafunguliwa kati ya zile pete mbili muhimu zinazoshikilia kano karibu na mfupa, pete zenyewe haziguswi, kano zinasogezwa kando. Lile bamba la chini linaachiliwa, ligamenti za pembeni zinaachiliwa, halafu kidole kinakunjwa kinyume, kwenda nyuma, mpaka jointi inafunuka na nyuso zote mbili zinakutazama. Ukikiona mara ya kwanza unaogopa. Kwenye jeraha la zamani kama hili hapa ndipo jasho linatoka, makovu yamejaa, na usipoyasafisha yote mpaka pingili ishuke yenyewe bila kulazimishwa, hata uweke mfupa wa dhahabu itapanda tena.

Kitu cha kuangalia hapo kabla ya kwenda mbele ni vile vichwa vya pingili ya chini. Gegedu lake likiwa limelika, acha. Unaweka uso mpya unaosagana na uso mbovu, utakuwa umefanya operesheni mbili kwa hasara moja. Kwa huyu lilikuwa na mkwaruzo tu, likapita.

Shimo linachongwa liwe na kuta za mraba, linapimwa upana, urefu na kina. Kisha unahamia mgongo wa mkono, mkato mdogo juu ya pale mifupa ya kiganja ya nne na ya tano inapokutana na hameti, unachora vipimo juu ya mfupa ule ukingo ukiwa katikati, unakata kwa msumeno mdogo na patasi nyembamba. Kikatwe kikubwa kidogo kuliko shimo, milimita moja au mbili, kupunguza unaweza, kuongeza huwezi. Mkato wa nyuma ndio mgumu kwa sababu patasi haina njia ya kuingilia, kwa hiyo watu wanachonga kamfereji nyuma ya kipande ili patasi ilale. Ukipiga kwa pupa kipande kinapasuka mara mbili, na akiba huna.

Kipande kinageuzwa, uso uliokuwa mgongoni mwa hameti sasa unatazama kiganjani, na gegedu linatazama vile vichwa. Sasa ndio tumefika kwenye kosa ambalo naona linawakuta hata wenye mikono mizuri. Mtu anahangaika kulijaza shimo. Anakipanga kipande kikae sawa, bapa, kizibe vizuri, picha inapendeza, anafunga. Wiki tatu baadaye pingili imepanda. Kwa nini? Kwa sababu shimo halikuwa tatizo. Kilichopotea ni mdomo. Kipande lazima kiinamishwe ili mdomo wa chini uchomoze na kukumbatia kile kichwa kutoka chini, kikombe kirudi, na ukikosa hapo hakuna splinti wala mazoezi yatakayokuokoa. Mimi nikiangalia picha ya baada ya operesheni hii skrubu naziangalia mwisho, macho yanaenda kwanza kwenye ule mdomo.

Skrubu zenyewe ni mbili au tatu, unene wa milimita 1 hadi 1.5, na urefu upimwe kwa makini, ikitokeza mgongoni hata kidogo itakwaruza kano ya kunyoosha. Hapa kwetu kupata hizi skrubu mara nyingi ni shughuli kuliko kupata mpasuaji, za mguu zimejaa kabatini, za kidole unaambiwa subiri.

Na sasa faida ya mgonjwa kuwa macho. Kabla ya kushona, dokta anamwambia, "Haya kaka, kunja mwenyewe." Anakunja, kwa nguvu zake, kano zake, na wote mnaona kama pingili inazunguka au inabinuka. "Nyoosha." Picha ya ubavuni pale pale kwenye mashine ya thieta, V ipo au haipo. Aliyelala usingizi utamkunjia wewe, ni kitu tofauti kabisa. Yule kijana alikunja mpaka ncha ikakaribia kiganja, akachungulia juu ya pazia akasema "dah", nesi akamwambia atulie. Bamba la chini likashonwa, kile kipande cha ala ya kano kikapitishwa chini ya kano kitenganishe kano na skrubu, ngozi ikafungwa.

Ndani ya wiki ya kwanza kidole kinatakiwa kianze kusogea, chini ya splinti ya mgongoni inayozuia digrii chache za mwisho za kunyoosha. Hapa familia nyingi zinagoma, mfupa umepandikizwa juzi leo unasema akunje? Ndiyo akunje. Gegedu linalishwa na ute wa jointi, na ute unazunguka kidole kikisogea. Mfupa wa kipande hauna damu yake siku ya kwanza, mishipa inaingia polepole kutoka kwenye pingili na mfupa mpya unachukua nafasi ya ule wa zamani kidogo kidogo, skrubu ndizo zinazoshika kwa kipindi hicho. Kwa kuwa ni mwili wake mwenyewe hakuna habari ya kukataliwa wala dawa za kushusha kinga. Kinachoua matokeo ni kovu, na kovu halisubiri.

Mazoezi yalikuwa kila siku, fizio mara mbili kwa wiki, mengine nyumbani mama anasimamia kwa ukali ambao fizio yeyote angeuonea wivu. Wiki ya sita splinti ikatoka. Kubeba vitu vizito kukasubiri mpaka picha ionyeshe mfupa umeshika, akarudi kwenye spana kubwa mwezi wa tatu na kitu. Mpaka mwaka unaisha, kidole kinaanzia digrii 15, yaani hakinyooki chote, na kinafika 85. Sabini aliyoitaka. Nguvu ya kushika inakaribia ya upande wa pili. Pete ya ndoa akioa itabidi aipeleke mkono wa kushoto, jointi imebaki nene. Golini amerudi, anafunga vidole viwili pamoja kwa tepu, na hatukumshauri arudi, tulimshauri avifunge kama hasikii.

Jambo moja likatokea kati ya hapo. Alienda kliniki nyingine kwa sababu ya malaria, daktari wa huko akaiona picha ya kidole kwenye simu yake, akamwambia mfupa umekaa ngazi, haukupangwa sawa, operesheni irudiwe. Akaja mbio kaloa. Ni kweli kwenye eksirei kuna ngazi kati ya kipande na pingili, lakini gegedu la hameti ni nene kuliko la pingili ya kidole, na eksirei hailioni gegedu, inaona mfupa. Ukipanga gegedu na gegedu ziwe sawa, mifupa chini yake lazima ipishane, na ukipanga mifupa isomeke vizuri kwenye picha, ngazi unakuwa umeiweka kwenye gegedu ambako ndiko kunakosagana. Tukamwandikia kwenye kadi yake kwa herufi kubwa: ngazi hii ni ya makusudi, isifunguliwe. Kuharibika kwa jointi baadaye kunaweza kuja, kwenye picha za miaka mingi baadhi yao huonekana, wengine wanazo bila maumivu yoyote, kwa hiyo kila mwaka anapigwa picha moja ya ubavuni na anapimwa anavyokunja.